Uzi wa Kimo: Mama na Mwanawe Walipotenganishwa na Mpaka

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo wetu mjini Leicester, Uingereza



Awali ya yote sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukusanya leo kutoka Muscat, Dubai, Unguja, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Toronto na miji mbalimbali ya nchi hii. Wapo tuliokuwa nao katika mkutano uliopita ambao leo hatunao. Tunawaombea makazi mema, na sisi mwisho mwema. Pili, naishukuru Kamati ya Matayarisho, na hasa akina mama waliosimama jikoni tangu alfajiri ili sisi tukae hapa tukisikiliza hotuba.

Kamati iliniandikia ikinitaka nizungumzie historia ya ukoo. Mimi ni mtumishi wa serikali mstaafu. Kwa miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kupokea majalada, kuyasoma, kuyaandikia maelezo na kuyapeleka kwa mwenye kutia saini. Sikuzoea kuhutubia, na nani amezaliwa na nani tayari kumeandikwa vizuri katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumzie jambo moja tu lililomo ndani ya historia hiyo, ambalo kwa muda mrefu tumelisema kwa minong'ono, nalo ni kisa cha mama na mwanawe waliotenganishwa na mpaka. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto huyo ni mimi. Ya pili ni kwamba jambo hilo limerudi tena katika ukoo wetu, na safari hii wakubwa ni sisi, hatuna wa kumsingizia.

Nilizaliwa Unguja mwaka 1960. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalinikuta sijatimiza miaka minne. Leo sikusudii kufungua hesabu za siasa. Wamo humu ndani waliopoteza wazee wao mwaka ule, na wamo ambao wazee wao waliuona mwaka ule kuwa mwanzo wa haki yao, na wote hao ni ukoo mmoja na wamekula sahani moja mchana huu. Nitasema la nyumbani kwetu tu. Marehemu baba, ambaye asili yake ni Oman, aliwekwa kizuizini, kisha akapakiwa pamoja na wengi wengine katika chombo kilichowaondosha kwenda Arabuni. Marehemu mama alibaki na watoto wawili: mimi, na dada yangu aliyekuwa mchanga wa kunyonya, ambaye leo ameketi pale safu ya mbele. Baada ya wiki kadhaa mama akapata nafasi ya kutoka kupitia Mombasa. Siku hiyo mimi nilikuwa kitandani na surua, mwili unawaka moto. Bibi, mzaa mama, akamwambia: "Nenda na huyu mdogo, huyu mkubwa niachie. Akipoa nitakuletea mwenyewe. Wiki mbili tu."

Wiki mbili hizo zikawa miaka ishirini.

Vijana wetu huuliza: iweje mtu ashindwe kumfikia mtoto wake kwa miaka ishirini? Hapana budi nieleze, maana anayezaliwa leo na pasi mbili mfukoni hawezi kulijua hili kwa kukisia. Mpaka ule ulikuwa na milango miwili, na yote miwili ilifungwa. Upande wa Unguja, katika miaka ile mtu hakutoka visiwani ila kwa kibali, na bibi kizee aombaye kibali cha kumtoa mjukuu ambaye baba yake ameondoshwa nchini hakuwa na maombi mepesi. Bibi aliomba mara tatu. Upande wa pili, Oman ya Sultan Said bin Taimur haikuwa na hamu ya kuwapokea watu wa Zanzibar. Wengi wa waliotoka walikwama Dubai, Kuwait, Saudi Arabia na hata Cairo, wakiishi kwa hisani ya nchi za watu. Baba na mama walikutana Dubai, wakapanga chumba kimoja Deira. Baba alifariki huko mwaka 1968. Mama akabaki na mtoto mmoja na cherehani moja.

Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika madaraka, akawaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga nchi. Wazanzibari wengi waliitika, kwa kuwa walikuwa wamesoma na nchi ilihitaji walimu, wauguzi na makarani. Mama alihamia Matrah mwaka 1972 na akapata pasi. Mlango mmoja ukafunguka, ila ulikuwa mlango wake yeye. Wa kwangu ulikuwa bado umefungwa.

Sasa nije kwenye uzi.

Mama alikuwa fundi wa kushona, na aliapa kwamba maadam yu hai hatavaa mwanawe kanzu ya Idi iliyoshonwa na mkono mwingine. Lakini utamshoneaje mtoto usiyemwona? Bibi akabuni njia. Kila mwaka, pepo za kusi zilipoanza na majahazi yakawa yanarudi Arabuni, bibi alinisimamisha wima kwenye mwimo wa mlango wa uani, akachukua uzi mweupe, akaushika begani kwangu na kuuteremsha hadi kwenye kifundo cha mguu, akaukata kwa meno. Uzi ule alikuwa akiukunja ndani ya barua na kumpa msafiri wa kuaminika hadi Mombasa, na kutoka Mombasa baharia akaufikisha Dubai. Kaskazi ilipoingia, karibu na Januari, kanzu ikarudi kwa njia ile ile. Barua za posta zilipotea, na nyingine zilifika zimefunguliwa. Uzi haukupotea hata mara moja, kwani nani atauzuia uzi?

Nataka mlitazame jambo moja ambalo mimi mwenyewe sikulitazama mpaka nilipokuwa mtu mzima. Uzi uliondoka mwezi wa tano na kanzu ikafika mwezi wa kwanza. Miezi minane ilipita katikati, na mtoto hukua. Hata hivyo kanzu zile zilinikaa sawasawa, mwaka baada ya mwaka. Niliona ni jambo la kawaida, kama mtoto anavyoona ni kawaida kukuta chakula kimeiva.

Nilipofika miaka kumi na mitatu nilikataa kupimwa. Nilikuwa nasoma skuli, na watoto wenzangu walishanieleza kwa maneno yasiyofichika kwamba mama yangu alinitupa akaenda kula raha Arabuni. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mama hakuwapo kujitetea, na mimi sikuwa na wa kunitetea kwake. Miaka ile vyakula vilikuwa haba, tukipanga foleni, na mtoto aliyesimama kwenye foleni tangu asubuhi huku anaambiwa kwamba mama yake yuko kwenye neema, hasira yake haihitaji mwalimu. Nikamwambia bibi: "Sitaki kanzu yake." Bibi hakunijibu. Mwaka ule kanzu ilikuja, lakini ilikuwa fupi. Mwaka wa pili ilikuwa fupi zaidi. Mwaka wa tatu niliivaa makusudi, vifundo vyangu vikiwa nje, nikapita nayo mtaani siku ya Idi ili watu waone kuwa mama yangu hanijui.

Ndugu zangu, mwenye kosa hapo ni nani? Mimi niliyekataa kupimwa ndiye niliyelalamika kwamba sikupimwa sawa. Nimeishi na jambo hilo kwa zaidi ya miaka hamsini, na leo naliweka mbele yenu kwa kuwa nina haja nalo, kama mtakavyoona.

Mwaka 1977 wazee walipanga tukutane Mombasa. Mama alitoka Muscat na kufikia kwa jamaa zetu Mji wa Kale. Mimi na bibi tulipata ruhusa ya kwenda Tanga kumtembelea mjomba, na kutoka Tanga tungepanda basi hadi Mombasa kupitia Horohoro na Lungalunga, safari isiyofika kilomita 200. Tukiwa Tanga, mwezi Februari, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ilikuwa inavunjika, na serikali mbili zikagombana juu ya ndege, meli na reli. Hapakuwa na aliyetukusudia sisi, wala hapakuwa na aliyejua kwamba katika Mji wa Kale wa Mombasa yupo mama amekaa barazani na kanzu mpya mapajani. Alisubiri wiki tano, akarudi Muscat. Sisi tukarudi Unguja. Bibi alifariki mwaka 1979 bila ya kumwona tena mwanawe. Kwa hiyo mpaka ule ulitenganisha mama na mwana mara mbili, na hiyo ya pili watu huisahau.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya nchi tatu kukubaliana namna ya kugawana mali ya Jumuiya. Mwaka 1984, nikiwa karani wa serikali mwenye miaka ishirini na minne, nilichukua likizo nikaenda Mombasa. Mnangoja niseme tulikumbatiana tukalia. La. Nilimkuta mwanamke mwenye mvi amesimama mlangoni, nikamwamkia "Shikamoo" kwa adabu, kama ninavyomwamkia mke wa jirani. Aliitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akanitazama kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha mguu, akasema: "Umekuwa mrefu kuliko baba yako." Neno "mama" lilinikataa ulimini. Nilikaa naye siku kumi na mbili bila ya kulitamka, na yeye hakulidai.

Nilihamia Muscat mwaka 1986, nikaingia kazini serikalini, nikaoa, nikapata watoto. Kwa miaka mingi tuliishi nyumba zinazotazamana, tukiheshimiana kama watu wawili wenye deni ambalo hakuna anayetaka kulitaja. Mwaka 1998 nilimkuta anapinda pindo la kanzu ya mwanangu wa kwanza. Nikamwuliza, kwa mzaha tu: "Zamani ulijuaje kanzu itanikaa, na uzi ulikuwa wa mwaka uliopita?" Akajibu bila ya kuinua macho: "Niliongeza inchi mbili kila mwaka. Nilimwangalia mtoto wa jirani pale Deira aliyezaliwa mwezi wako, nikampima yeye alivyokua." Kisha akanyamaza, akasema: "Nyuzi tatu za mwisho hazikuwa zako. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hakui nusu inchi kwa mwaka. Nilijua umekataa kupimwa. Nikashona vivyo hivyo, usije ukakosa."

Hapo ndipo nilipomwita mama. Nilikuwa na miaka thelathini na minane.

Mama alifariki Muscat mwaka 2009. Katika vitu vyake dada yangu aliukuta mkebe wa biskuti, na ndani yake nyuzi kumi na moja, kila moja imefungiwa karatasi yenye mwaka. Tulizitandaza juu ya mkeka. Nane za kwanza zinapanda ngazi kwa ngazi. Tatu za mwisho zinakaribia kulingana, kwa kuwa bibi alizikata kwa kukisia, akitazama alama za zamani kwenye mwimo wa mlango. Mkebe huo nimeuleta, upo pale mezani penye picha. Naomba watoto wautazame, wasizifungue.

Sasa nilifikie lililonileta.

Yupo binti yetu mmoja ambaye yumo humu ukumbini. Nimepata idhini yake kulisema hili, na jina lake sitalitaja. Alikuja nchi hii mwaka 2024, mwezi wa sita, kwa kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Nyumbani Tanga ameacha mtoto wa miaka mitano kwa mama yake. Wapo wanaodhani alimwacha kwa hiari. Jueni kwamba tangu tarehe 11 Machi 2024 serikali ya Uingereza imewazuia wahudumu wa aina hiyo wanaoingia kwa viza ya kazi hiyo kuja na watoto wao au wenzi wao. Tangu tarehe 22 Julai 2025 mlango wenyewe wa kuajiri wahudumu wapya kutoka ng'ambo umefungwa. Maana yake ni kwamba anaweza kumwogesha na kumlisha mama wa mtu mwingine kila siku, lakini mwanawe hawezi kumleta kwa njia hiyo. Siisemi sheria ya watu kwa ubaya, kwani kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia. Nasema tu kwamba kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya kupunguza hesabu haioni uso wa mtu, na mimi niliyezishika kanuni kwa miaka thelathini nalijua hilo vizuri. Mara ngapi nilirudisha jalada la mtu kwa kukosekana karatasi moja, nikaenda kunywa chai! Kila jalada lilikuwa na mtu, na mimi nililiona jalada.

Bali kilichonitia uchungu si kanuni. Katika harusi moja ya ukoo huu, kwa masikio yangu, nilisikia: "Mama gani huyo aliyeacha mtoto kwa ajili ya pauni?" Na mwezi uliopita bibi wa mtoto aliniambia kwa simu kwamba mtoto akiitwa azungumze na mama yake, siku hizi hukimbilia uani. Wengine walicheka kuwa ni utoto. Mimi sikucheka. Namjua mtoto huyo. Amekataa kupimwa.

Kwa hiyo nina maombi matano kwenu, na nitayasema kwa ufupi kama inavyompasa mtu wa ofisi.

Ombi la kwanza ni juu ya ndimi zetu. Asiwepo mtu wa ukoo huu, Tanga wala London, atakayemwambia mtoto yule kwamba mama yake alimtupa. Wala asiwepo atakayemwambia "mama atakuja wiki ijayo" ili anyamaze. Mimi nililelewa kwa "wiki mbili", na nawaambieni kwamba uongo wa huruma huchacha haraka kuliko maziwa. Mwambieni ukweli unaolingana na umri wake: mama yuko mbali, anafanya kazi, anakupenda, siku hasa ya kuja kwake hatuijui, na Jumapili baada ya asubuhi tutazungumza naye. Na hiyo Jumapili isikose. Sisi tulikuwa na uzi mmoja kwa mwaka. Ninyi mna simu yenye picha, basi msiifanye kuwa nyepesi kuliko uzi.

Ombi la pili ni juu ya mlezi. Katika visa hivi watu humkumbuka mama na mtoto, wakamsahau bibi aliye katikati. Pesa zikitumwa, ziwepo za mtoto na ziwepo za bibi mwenyewe, za dawa zake na za mapumziko yake. Aidha, jamaa walioko Tanga wapange zamu ya kumchukua mtoto angalau siku moja kwa wiki. Marehemu bibi yangu hakuugua hata siku moja mbele yangu kwa miaka kumi na mitano. Leo ninajua kwamba aliugua mara nyingi, akaficha.

Ombi la tatu ni juu ya karatasi. Anayeishi hapa kwa makazi ya kudumu, ambaye mzazi mwenziwe hayuko hapa, akitaka kumleta mtoto aliye chini ya miaka 18, mara nyingi hutakiwa athibitishe kwamba jukumu la kumlea liko juu yake peke yake: nani analipa ada, nani anaamua juu ya skuli na matibabu, nani anaitwa mtoto akiugua. Hayo hayathibitishwi kwa machozi. Wekeni stakabadhi za pesa mnazotuma, barua za mwalimu, vyeti vya hospitali, cheti cha kuzaliwa na ujumbe wa simu, tangu siku ya kwanza, hata kama leo hakuna maombi yanayokusudiwa. Na kabla ya kupeleka ombi lolote, mwoneni mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa. Msimsikilize fundi wa uvumi, kwani kanuni hizi hubadilika.

Juu ya uthibitisho, mji huu tulimo una kisa ambacho vijana wetu wanastahili kukijua. Mvulana aliyezaliwa Uingereza, wazazi wake wakiwa wenye asili ya Ghana, alikwenda Ghana kukaa na baba yake. Aliporudi kwa mama yake, maofisa wa uhamiaji walishuku kwamba si yeye, au kwamba si mwana wa mama yule bali wa dada yake. Vipimo vya damu vya wakati ule viliweza kusema kwamba ni watu wa ukoo mmoja, lakini havikuweza kusema kwamba yule ndiye mama. Mwaka 1985 Profesa Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, aliyegundua mwaka uliotangulia njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake, alichukua damu ya mvulana, ya mama na ya watoto wengine watatu wa mama yule. Matokeo yakaonyesha bila ya shaka ya maana kwamba ni mwanawe, na serikali ikalifunga shauri, mtoto akabaki kwa mama yake. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo elimu ile iliifanya katika shauri la watu. Leo tunaisikia zaidi kwa kuwakamata wauaji, lakini ilianza kwa kumrudishia mama mwanawe. Elimu ina baraka ikitumiwa hivyo. Wale mnaosoma sayansi humu ndani, liwekeni akilini.

Ombi la nne ni juu ya mfuko wetu. Katiba ya chama chetu inaturuhusu kuchangia mazishi na harusi. Napendekeza tuongeze safari. Akifariki mtu, tunachanga pesa nyingi kwa siku moja ili jamaa wafike kumzika. Ni jambo jema, na liendelee. Lakini tiketi ya kumpeleka mama kwa mwanawe aliye hai, mara moja kwa mwaka, si ghali kuliko hizo. Tuanze na binti yetu huyu. Mimi naanza kwa kutoa nauli ya mwaka wa kwanza, na Mhazini ananishuhudia kwamba nimekwisha mkabidhi.

Ombi la tano ni zito kuliko yote, na naanza na nafsi yangu. Sisi tulioko Ghuba, katika nyumba zetu wamo wanawake wanaotoka Afrika Mashariki, wengine kutoka miji ile ile tuliyozaliwa, wanaotupikia na kutulelea watoto. Mikataba yao aghalabu ni ya miaka miwili. Wengi ni mama. Nyumbani kwangu Seeb alikuwapo mmoja. Katika mwezi wa kumi na nne wa mkataba wake mwanawe aliugua, akaomba kwenda. Nikamjibu kama nilivyokuwa nikijibu ofisini: "Subiri mkataba umalizike." Mke wangu alinitazama, akasema: "Bwana wee, na wewe ndiye uliyepimwa kwa uzi?" Nilinunua tiketi siku ile ile, na kwa aibu nilimwomba radhi mwanamke yule. Ndugu zangu, mpaka unaweza kuwa mlango wa nyumba yako. Pasi yake iwe mkononi mwake. Simu yake iwe huru. Likizo yake iwe haki yake, isiwe zawadi yako. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye ni mzazi kama mama yangu alivyokuwa pale Deira.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha kumi, unazitaka serikali kuyashughulikia maombi ya mtoto na wazazi wake wanaotaka kuungana kwa moyo mwema, kwa ubinadamu na kwa haraka. Ni maneno mazuri, na tuendelee kuyadai kwa wenye mamlaka. Lakini serikali hazikuwahi kumvisha mtoto kanzu ya Idi. Hiyo ilikuwa kazi ya bibi mmoja, baharia mmoja na fundi mmoja wa kushona, na kwa kazi hiyo ukoo huu haukukatika.

Namalizia kwa kumgeukia binti yetu. Mwanangu, mtoto akikimbilia uani, usikate simu. Zungumza na bibi yake kwa sauti ili mtoto asikie huko aliko. Mwulize amefika wapi kwenye mwimo wa mlango. Mimi nilikuwa uani, na nilikuwa nikisikia kila neno.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awaponye wagonjwa wetu, na awakutanishe wote waliotengana na vipenzi vyao. Atujaalie tukutane tena katika mkutano ujao, na mtoto yule wa Tanga awe pamoja nasi, amekaa mapajani kwa mama yake.